Mwaka Tulipolipima Kokwa

Mwezi uliopita Riziki alivuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira pamoja na mke wake, Goreti, wakaja kula kwangu Kimanga, hapa Uvira. Hatukuwa tumeonana tangu alipohamia Bujumbura kikazi, na wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameoa au kuolewa. Sasa yeye ana kitambi, na mimi nina mvi ambazo binti zangu wanazitafuta kila wanaponisuka. Nilipika bugali, sombe ya majani ya mihogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga, na katikati ya chakula Goreti akauliza, "Kabisa, nyinyi wawili mulikuwa munafanya nini pale Kalundu? Kila siku huyu ananiambia Kalundu, Kalundu." Tulijibu kwa pamoja. Riziki alisema tulikuwa tunatengeneza frigo ya samaki. Mimi nilisema tulikuwa tunapima kiini cha kompyuta. Goreti alitutazama kwa zamu, kisha akamgeukia mume wangu na kumuuliza kama ana hakika kwamba sisi tulifanya kazi mahali pamoja. Tulicheka mpaka chakula kikapoa. Walipoondoka nilibaki nakusanya sahani, nikawaza kwamba majibu yote mawili yalikuwa ya kweli, na kwamba sijawahi kumsimulia mtu mwaka ule kwa utaratibu, ingawa mengi ninayoyafanya leo yalianzia humo.

Karakana ya Papa Déo ilikuwa juu ya depo ya chumvi, karibu kabisa na bandari ya Kalundu. Ulipanda ngazi za mbao zilizolalamika, ukaingia katika chumba kimoja kirefu chenye dirisha la upande wa ziwa na jingine la upande wa uwanja ambako wanawake walianika ndagala. Harufu ya samaki, ya chumvi na ya risasi iliyoyeyushwa kuunganisha nyaya iliingia katika nguo zangu, na hata nilipozifua haikutoka. Baada ya muda nikaacha kuisikia. Meza yetu kubwa ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, na humo ndimo tulimopitisha nyaya za kompyuta. Sakafu ilikuwa na nyufa, kwa hiyo maneno ya wapagazi waliopumzika chini yalitufikia yote, nani amenyimwa mke, nani amebeba magunia ya saruji akadanganywa, mashua ipi ya Kalemie imechelewa. Papa Déo, fundi wa umeme aliyesomea Bukavu, alikuwa mtu mfupi na mpole, na alikula amesimama kwa sababu, alisema, akikaa anasinzia. Aliniajiri nipokee simu na kuchapa fakture, yaani ankara za wateja. Nilikuwa na diploma mpya ya informatiki na nilikuwa nimeanza kukubali kimoyomoyo kwamba itaishia hapo, kwenye fakture. Riziki ndiye alikuwa fundi wa vifaa. Mikono yake ilikuwa na subira kubwa, lakini mdomo wake haukuwa nayo hata kidogo.

Kazi kubwa ya karakana mwaka ule ilikuwa chumba cha baridi cha ushirika wa wanawake wauza samaki. Papa Déo alikuwa amewajengea chumba kidogo chenye kuta nene, paneli za jua juu ya paa, betri nyuma, na kisanduku chenye ukubwa wa tofali kilichoamua lini mashine ya baridi iwake na lini izime. Kabla ya hapo, samaki wetu wa ziwani waitwao mikebuka, waliokosa mnunuzi kabla ya jua kali waliishia kukaushwa kwa haraka au kutupwa. Miezi ya kwanza wanawake walitupikia kwa furaha. Kisha asubuhi moja walifungua mlango wakakuta betri zimekufa na samaki wamelegea, wananuka. Tulikagua waya mmoja mmoja, hatukuona kasoro. Jua lilipopanda kisanduku kikawaka chenyewe na kuonyesha joto la kawaida, kama vile hakuna kilichotokea. Wiki kadhaa baadaye jambo lile likajirudia. Hapo ndipo Mama Vumilia, rais wa ushirika, alipopanda ngazi zetu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyotoka ufukweni ikafika barabarani bila simu.

"Papa Déo, minye nakuheshimia sana," alisema, akikataa kiti. "Lakini hii kintu yako iko inatudanganya. Muchana iko muzuri, usiku inakufa. Bamama banalia."

"Mama, mutupatie muda kidogo."

"Samaki haiko na muda. Mwisho wa mwezi tuko na mukutano. Siku ile bamama batasema ndiyo ao hapana. Bakisema hapana, utakuja kubomoa na kubeba bintu yako."

Alipoteremka, Papa Déo alitukumbusha kilichokuwa hatarini. Kulikuwa na ushirika mwingine kando ya ziwa uliokuwa unasubiri kuona Kalundu wanasema nini. Chumba kile kikibomolewa, hapatakuwa na cha pili, na karakana itarudi kutengeneza redio na chaja. Chini ya sakafu wapagazi nao walikuwa wamesikia kila kitu. "Ni mwezi," mmoja akasema kwa uhakika. "Mwezi ukiwa mukubwa, ile masini inapata wazimu." "Weye nawe!" mwenzake akajibu, wakacheka, na sisi juu tukacheka nao, ingawa hakuna aliyekuwa na moyo wa kucheka.

Ndani ya kisanduku kile kulikuwa na kompyuta ndogo. Na ndani ya kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote, ambayo inagawa kumbukumbu, inasema na vifaa, inaamua nani atangulie na nani angoje. Shuleni tulifundishwa jina lake kwa Kifaransa, noyau, ambalo ni lile lile la kokwa la tunda, na pale karakanani tuliliita kokwa tu. Kokwa tulilotumia linaandikwa na watu wa dunia nzima kwa pamoja, na yeyote anaweza kulisoma na kulirekebisha. Sehemu yake moja ndogo sana ndiyo iliyosoma kipimajoto cha chumba. Nilikuwa nimesoma kwamba kokwa lina njia yake ya kujipima. Unaandika majaribio madogo, kila moja linashika kazi moja, linaipa namba, linatazama jibu linalorudi, halafu linasema sawa au si sawa. Na kilichonivutia zaidi ni kwamba kokwa zima linaweza kujengwa kama programu ya kawaida na kuendeshwa juu ya meza yetu, bila kisanduku, bila betri, bila samaki wa mtu kuoza. Kwa siku kadhaa nililizungusha wazo hilo kichwani huku nachapa fakture. Mwishowe nililisema wakati wa chakula.

"Nyota, hayo ni mambo ya bantu benye kuran ya umeme saa yote," Riziki alisema, mdomo umejaa mihogo. "Sisi tuongeze betri, basi."

"Na hiyo betri ikikufa?"

"Tunaongeza ingine."

"Kwani tunajua inakufa juu ya nini?" nilimuuliza. "Tumebadilisha waya, tumebadilisha kipimajoto. Programu hatujaigusa hata siku moja. Tunaiamini tu."

Papa Déo alikuwa amesimama dirishani na sahani yake. Alimeza kwanza. "Hiyo betri ingine, Riziki, iko wapi?" Haikuwepo. "Bon. Fakture nitaandika minye mwenyewe. Weye musaidie Nyota." Na hivyo, kwa sentensi moja, nikahama kutoka meza ndogo ya mlangoni kwenda meza kubwa. Leo nikiwasikia vijana wakiuliza nafasi inapatikana wapi, huwa nakumbuka kwamba yangu ilitolewa na mtu mwenye sahani ya mihogo mkononi, aliyekuwa hajaelewa hata nusu ya nilichokisema, lakini aliona kwamba nimekifikiria.

Maandishi ya kokwa tuliletewa kutoka Bujumbura ndani ya flash, kwa sababu mtandao wetu ulikuwa unakatika kabla haujashusha hata robo. Kisha tukaanza kulijenga, yaani kuyageuza maandishi yale kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Mara ya kwanza, kwa kutojua, nilijenga kila kitu kilichomo, hadi sehemu za vifaa ambavyo hakuna aliyewahi kuviona Uvira nzima. Kompyuta ilinguruma kutwa kama mtu mwenye homa, Riziki akaipepea kwa kifuniko cha boksi. Umeme ukakatika. Tukavuta waya hadi saluni ya jirani iliyokuwa na jenereta, na wateja waliokuwa wanangoja kusukwa wakatuuliza tunapika nini humo. Siku zilizofuata nikajifunza kuchagua. Jaribio dogo linahitaji kokwa dogo, na ukizima yote usiyoyahitaji, ujenzi unaisha kabla bugali haijaiva. Riziki alianza kukipenda kile kitu siku ile alipoona ujenzi unaisha akiwa bado hajamaliza chai yake. "Eh," alisema. "Kumbe iko mbio hivi."

Nikaandika majaribio yangu ya kwanza, tukajenga, tukaendesha, na maneno yakateremka kwenye kioo mpaka mstari wa mwisho uliosema hakuna lililoshindwa. Nilipiga kelele. Riziki alininyanyua, Papa Déo akatupigia makofi, na chini wapagazi wakauliza nani amejifungua. Tuliagiza soda. Tulikuwa tumefika nusu ya chupa niliposoma upya mistari ile kwa utulivu, nikaona kwamba hakuna lililoshindwa kwa sababu hakuna lililoendeshwa. Nilikuwa nimesahau kuyawasha. Kokwa lilikuwa limepima sifuri, na sifuri ile yote ilikuwa imefaulu. Nilitaka sakafu ipasuke nianguke kwenye chumvi. Riziki alinitazama, akatazama chupa, akasema, "Tumalizie kwanza soda, kisha tulie." Sijui kwa nini, lakini maneno yale yaliniondolea aibu yote. Nimeshafanya kazi na watu wengi tangu hapo. Waliojua kucheka wakati kama ule, pamoja nawe na siyo juu yako, ni wachache, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza.

Baada ya hapo tulifanya kazi kwa mwendo mzuri, ule ambao hata leo nautafuta kila ninapoanza kitu kipya. Asubuhi chai na mandazi, madirisha wazi, ziwa likiwa bado halina upepo. Mimi naandika, Riziki ameketi kando na karatasi ya mtengenezaji wa kipimajoto, ile inayoeleza namba ipi ina maana ya joto gani. Mwanzoni nilikuwa naiuliza programu yenyewe inatoa jibu gani, kisha naandika jibu lilelile kama ndilo sahihi. Riziki alilikataa jambo hilo mapema. "Unamuuliza mwizi kama ameiba," alisema. Basi tukagawana kazi. Yeye alipiga hesabu kwa mkono, kutoka kwenye karatasi, bila kutazama kioo, na mimi nikaingiza majibu yake katika majaribio. Joto la mchana wa Uvira, sawa. Joto la maji ya ziwa, sawa. Joto la chumba chenye samaki, sawa. Sifuri kamili, sawa. Wiki ikaisha na kila kitu kilikuwa sawa, na mkutano wa kina mama ulikuwa unakaribia, na nilianza kuogopa kwamba nimewapotezea muda wote.

Siku moja tulikuwa tunakula mboga ya lenga-lenga na samaki aliyeletwa na mmoja wa wanawake, aliyesema hataki kuja na mikono mitupu hata kama ametukasirikia. Riziki alikuwa anachambua miiba, polepole. "Nyota," alisema, "chini ya sifuri umeandika?" Nilimwambia hapana. Nani Uvira anafikiria chini ya sifuri? Hapa mtu anavaa koti ikinyesha. Chumba chenyewe kilitakiwa kubaki juu kidogo ya kuganda, hakikutakiwa kushuka zaidi. "Andika tu," alisema. "Nitakupigia hesabu." Alifuta mikono, akaandika namba pembeni ya karatasi. Niliiingiza, tukajenga, tukaendesha, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze likatokea neno lile: si sawa. Nililisoma kwa sauti. Tulitegemea digrii moja chini ya sifuri, programu ilijibu joto la kuyeyusha sufuria. Nikaingiza namba nyingine chini yake, nayo ikawa si sawa, na ya tatu vilevile.

Tulielewa tukiwa bado tumesimama. Kipimajoto kile, joto likishuka chini ya sifuri, kinaweka alama mwanzoni mwa namba, na programu haikuijua ile alama. Iliihesabu kama sehemu ya namba yenyewe, na namba ikawa kubwa mno. Kwa hiyo chumba kilipopoa kupita kiasi, kisanduku kiliamini kwamba kunaungua, kikaiamuru mashine iwake, iwake, iwake, mpaka betri zikakauka. Kisha baridi ikatoka, samaki wakaharibika, na kulipokucha joto lilikuwa limerudi juu ya sifuri na namba zote zikasomeka vizuri. "Lakini kwa nini siku zile mbili tu?" aliuliza Papa Déo, ambaye safari hii alikuwa amekaa. Niliwaza, nikakumbuka maneno yaliyopanda kutoka chini ya sakafu. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa taa hawapati kitu, maana taa zao hazivuti samaki penye mbalamwezi, wengi hawaingii ziwani. Siku hizo chumba kilikuwa karibu kitupu, na chumba kitupu kinashuka haraka na kupitiliza. Mpagazi hakuwa sahihi kuhusu wazimu, lakini tarehe zake zilikuwa nzuri. Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Tulijenga tena, tukaendesha, na majaribio yote yakasema sawa, na safari hii, kabla ya kupiga kelele, tulihakikisha sote watatu kwamba kweli yameendeshwa.

Mkutano wa kina mama ulifanyika uwanjani, kati ya nyavu za kuanikia. Papa Déo alitaka niwaeleze mimi. Nilianza na kokwa na alama na namba, na nyuso zikaanza kugeukia upande wa ziwa. Riziki akanikatiza kwa upole. Alikuwa ametoka baa ya karibu na ndoo ya barafu, akachota chumvi ya depo akaimwaga juu yake, akakoroga, maana barafu yenye chumvi inashuka chini ya sifuri hata kwenye jua la Kalundu. Alitumbukiza kipimajoto cha kisanduku chenye programu ya zamani, akamkabidhi Mama Vumilia kioo asome. Mama Vumilia alisoma ile namba ya ajabu, akatumbukiza kidole ndani ya ndoo, akakitoa mbio. "Hii muongo!" alipaza sauti. "Maji iko inaniuma kwa baridi, yeye anasema moto!" Kisha Riziki akaweka kisanduku chenye programu mpya. Mama Vumilia alisoma, akatumbukiza kidole tena, akasoma tena. Akawapitishia wenzake, na kila mmoja akataka kutia kidole, hata wale ambao hawakujua kusoma namba.

"Na nani aliona kosa hii?" aliuliza Mama Vumilia mwishoni.

"Ni Nyota na Riziki, bote mbili," alisema Papa Déo.

"Bon. Minye nitaweka samaki yangu, peke yangu, mwezi ukiwa mukubwa. Ikioza, ni ya minye. Isipooza, bamama bote bataweka."

Ilibidi tungoje mwezi ujae. Asubuhi ile tulifika mapema tukamkuta Mama Vumilia amekwisha kufungua mlango, ameshika mkebuka mmoja kwa mkia, anamgeuza upande huu na ule. Akamnusa, akamtia kapuni pamoja na wengine. Alituletea samaki wale baadaye, wamepikwa kwa nyanya na pilipili, pamoja na bugali ya kutosha wapagazi pia, na wanawake wakapanda ngazi zetu wote mpaka nikahofia sakafu. Papa Déo alikula amekaa, na kweli akasinzia.

Lilibaki jambo moja. Kosa lile halikuwa letu, lilikuwa ndani ya kokwa la watu wote, na pengine mtu mwingine mahali pengine alikuwa anapoteza betri zake. Niliandika maelezo kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, nikaweka ule mstari mmoja pamoja na majaribio yetu, nikayatuma kwa yule anayetunza sehemu ile, mtu wa nchi ya mbali ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa na woga kuliko siku ya mkutano. Alijibu baada ya siku kadhaa. Aliomba nibadilishe jina la jaribio moja na niongeze jingine kwa ajili ya namba ya chini kabisa ambayo kipimajoto kinaweza kuitoa. Riziki alipiga hesabu, mimi nikaandika, tukatuma tena, naye akajibu kwamba ameyapokea, na kwamba jina langu na la Riziki yatakaa humo.

Niliwasomea kina mama barua ile uwanjani, nikiigeuza kwa Kiswahili. Walitaka kujua kama ameoa. Walitaka kujua kwa nini hakuona kosa yeye mwenyewe, na kama kwao kuna ziwa. "Umujibu," alisema Mama Vumilia, bila kuinua macho kutoka kwenye samaki aliokuwa anawapanga. "Ni adabu. Umuambie aksanti, na samaki iko muzima." Nilimwambia kwamba watu wale hawaandikiani mambo ya samaki. "Weye umuambie tu."

Nikamwandikia. Nilishukuru, na chini nikaongeza kwamba wanawake wa Kalundu wanamwarifu kuwa samaki wao wako salama. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema amekuwa akiitunza programu ile kwa muda mrefu bila kujua kama kuna mtu anayeitumia kwa jambo lolote, na akauliza ni samaki gani.

"Mikebuka," nilimjibu.